Mwalimu Hippolyte na Kitabu Kilichogombea Kura

Siku Fadhul alipomwona Mwalimu Hippolyte kwa mara ya kwanza, alidhani mtu huyo amekuja kugombana naye, akajifungia ndani ya pikapu yake na kupandisha kioo.

Ndivyo alivyokuwa Fadhul. Haya zake hazikuwa za kujifunza, alizaliwa nazo. Akikanyagwa mguu, ndiye anayeomba radhi. Akiingia mkahawani, anasubiri aulizwe anataka nini, na asipoulizwa anarudi nyumbani na njaa yake. Kwa hiyo watu wa Old Kampala walisema Mungu naye ana mizaha, maana ndiye huyuhuyu aliyekuwa na spika zenye kelele kuliko zote kilimani. Alizikodisha kwa harusi, matanga, mikutano ya injili na kampeni za wenyeviti wa mitaa. Pikapu yake ilikuwa na spika nne juu ya paa, kila moja ikitazama upande wake wa dunia. Lakini sauti iliyotoka humo haikuwa yake. Ilikuwa ya dada yake Zuleika, mwanamke wa Kinubi asiyemwogopa mtu, ambaye alirekodi matangazo nyumbani huku akikaanga samaki. Kazi ya Fadhul ilikuwa kuwasha mitambo na kuendesha polepole, akitazama mbele tu.

Banda lake lilikuwa chini ya jengo la zamani la Wahindi, na ghorofa ya pili ya jengo hilo ilikuwa na chuo kikuu kidogo cha watu binafsi. Asubuhi hiyo Fadhul alikuwa akijaribu spika kwa wimbo wa harusi, ndipo aliposhuka ngazi mtu mrefu, mwembamba, amevaa koti na tai kwenye jua kali, suruali imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia nyanya. Akagonga kioo kwa kidole kimoja. Fadhul akakishusha kidogo, upana wa kupitisha barua.

"Ndugu yangu," mtu yule akasema kwa Kiswahili cha Bukavu, "ule wimbo, urudilie tena. Banafunzi bangu balikuwa banalala. Sasa bote bameamuka."

Hivyo ndivyo urafiki ulivyoanza. Tangu siku hiyo Mwalimu Hippolyte alishuka kila baada ya kipindi, akakaa juu ya spika mbovu iliyolazwa kando ya mlango, akazungumza. Fadhul alisikiliza. Mwalimu alikuwa amepata kitu alichokikosa tangu atoke kwao, mtu asiyemkatiza.

Kidogo kidogo Fadhul akayajua maisha yake. Bukavu alifundisha shule ya sekondari, mtu wa kupishwa njiani. Vita vikamtoa yeye, mkewe Emérence na mtoto wao Elie, wakafika Kampala na walichokuwa wamevaa. Alianza kwa kutembeza vitenge begani, lakini hakuuza kitu, kwa sababu kila mteja aliyeuliza bei alielezwa kwanza maana ya maua yaliyochorwa kwenye kitambaa, na kabla ya ua la tatu mteja alikuwa ameshavuka barabara. Emérence akamnyang'anya mzigo, akamwambia yeye atauza nguo, na mumewe akatafute kazi ya maneno. Serikali iliposema Kiswahili kifundishwe mashuleni, na walimu wa kukifundisha wakawa hawaonekani, chuo kile kilifungua darasa la kuwaandaa, na Mwalimu Hippolyte akapewa somo la fasihi.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo alilisema kwa kushusha sauti. Alikuwa ameandika kitabu. Riwaya ya kurasa zaidi ya mia nne, iitwayo Moyo Uliovuka Ruzizi, kwa jina la mto wa mpakani kwao. Alikipiga chapa kwa akiba yake yote, na tangu siku kilipotoka kiwandani hakuna mtu aliyekuwa amekisoma. Marafiki walikipokea kwa mikono miwili, wakakisifia jalada. Padri alisema anakiweka kwa ajili ya Kwaresima, na Kwaresima mbili zilikuwa zimeshapita.

"Ningeweza kuwaagiza wanafunzi wakisome," Mwalimu akamwambia Fadhul siku moja. "Mimi ndiye mwalimu, nani angekataa? Lakini kitabu cha kulazimishwa ni kama mke wa kulazimishwa, anakupikia na moyo wake uko kwingine. Nataka wakichague wenyewe."

Mpango wake ulikuwa huu. Muhula ule angewaambia wanafunzi wachague wenyewe kitabu watakachosoma. Uhuru kamili, kama vyuo vya nchi za mbali. Kisha angekisahau kitabu chake mezani, kwa bahati mbaya, kama mtu anavyosahau mwavuli.

Fadhul alitikisa kichwa kukubali. Angekubali pia kama Mwalimu angesema anataka kukitupa ziwani.

Mahali pengine duniani, wanafunzi wakiambiwa wachague, labda watainua mikono na mambo yatakwisha kabla ya chai. Kampala si hivyo. Kufika kesho yake jambo lilikuwa uchaguzi. Kila andiko lilikuwa na wakala wake, bango lake na alama yake, kama vyama vya siasa. Palikuwa na jarida la mpira. Palikuwa na mkusanyiko wa hotuba, ambao ulijitoa mapema kwa kukosa wafuasi. Lakini mgombea mwenye nguvu alikuwa kijitabu chembamba cha ufugaji wa kuku wa kienyeji. Wakala wake alikuwa Amito, binti wa Gulu, kiongozi wa darasa, mwenye ulimi ambao haukuwahi kulala njaa. Mwenzake Onen alileta kuku jike hai darasani, amefungwa utepe mwekundu shingoni, akazungushwa meza kwa meza awasalimie wapiga kura.

Amito alihutubia akiwa juu ya kiti. Alisema hicho ndicho kitabu pekee ambacho ukishakisoma unaweza kula. Kina mwanzo, kina mwisho, na katikati kina supu. Tena kina msiba, maana ugonjwa wa kideri unapoingia bandani ukurasa wa tisa hakuna jicho litakalobaki kavu.

Na kitabu cha Mwalimu? Kililala mezani siku zote hizo. Mtu mmoja alikitumia kuzuia dirisha lisipigwe na upepo.

Shida ilikuwa kwamba kila kitabu lazima kiwe na wakala, na hicho hakikuwa na mtu. Mwenyewe asingeweza kukisimamia kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa tume ya uchaguzi. Zikiwa zimebaki siku mbili, alishuka kwa Fadhul akiwa na uso wa mtu aliyezidiwa na jambo alilolianzisha mwenyewe.

"Ndugu Fadhul, nisaidie. Nitatengeneza tangazo. Sauti nitaibadilisha, hakuna atakayejua ni mimi. Wewe zunguka nalo tu, chuoni na mitaani. Wakiona mji mzima unakizungumzia, watakitaka."

Fadhul aliona aibu kukubali, na aliona aibu kubwa zaidi kukataa. Akakubali.

Usiku Mwalimu alirekodi tangazo nyumbani kwake, akalituma kwa simu. Asubuhi Fadhul alisikiliza maneno ya kwanza, kama alivyofanya siku zote, kuona kama sauti ni safi. Ilikuwa safi. Ilikuwa sauti nzito, ya mtu anayesoma habari za kifo cha rais: "Wapendwa wasomaji wa Kampala, kuna kitabu kimoja ambacho kila mwenye moyo anapaswa kukichagua." Fadhul akaridhika. Akaliweka tangazo lijirudie lenyewe, akapandisha kioo, akaondoka.

Alizunguka chuo mara mbili, akashuka Bakuli, akapanda kuelekea Mengo, akarudi. Kila alipoukaribia msikiti alizima kwa adabu, akawasha tena mbele. Ndani ya pikapu, kwa kuwa spika zilitazama nje, yeye alisikia mngurumo tu. Lakini aliona watu wakicheka. Wanawake wa sokoni Bakuli walishikana mabega. Vijana wa bodaboda walimfuata nyuma wakipiga honi. Mmoja alimgongea kioo akimwonyesha spika, akifuta machozi. Mtu mwingine angesimama aulize kuna nini. Fadhul alidhani wanaicheka pikapu yake, maana mlango mmoja ulikuwa wa rangi tofauti, akainamisha kichwa na kuongeza mwendo.

Saa za mchana Zuleika akampigia simu.

"Ya Fadhul, hilo unalotangaza umelisikiliza?"

Akamwambia amelisikiliza mwanzo.

"Basi sikiliza mwisho."

Akasimama kando ya barabara, akashusha kioo. Sauti nzito ilikuwa inamalizia kueleza jinsi kitabu kile kitakavyoyaosha macho ya taifa. Kisha pakafuata kimya kidogo, mlango ukalia, na juu ya Old Kampala yote, kwa pande nne za dunia, ikatoka sauti ya mwanamke.

"Papa Elie, unaongea na nani humu ndani? Chai imepoa. Na hivi vitabu vyako utavitoa lini chini ya kitanda? Panya wameshazaa humo."

"Shh, Mama Elie, niko narekodi."

"Unarekodi nini? Kile cha mwanamke anayelia?"

Kisha tangazo likaanza upya: "Wapendwa wasomaji wa Kampala."

Fadhul alizima kila kitu, hata injini. Alikaa pale jasho likimtiririka, akifikiria kuhamia Bombo kwa wajomba zake, akafuge mbuzi na asionekane tena.

Jioni hiyo wanafunzi walikuwa wameshakipa kitabu cha Mwalimu alama ya uchaguzi. Alama yenyewe ilikuwa kitanda. Mwalimu hakushuka kuzungumza. Alipita mbele ya banda akiwa amekaza macho mbele kama askari wa gwaride, na Fadhul, badala ya kumwomba radhi, alijificha nyuma ya jenereta.

Asubuhi iliyofuata alikuja Emérence mwenyewe, mzigo wa vitenge kichwani, mwanamke mfupi wa mwendo wa haraka. Fadhul alimsalimia huku akitazama chini, tayari kwa lolote. Tangu alfajiri wateja walikuwa wakimuuliza Emérence panya wake hawajambo. Lakini hakuja kugombana. Aliuliza tu kiongozi wa wanafunzi ni nani. Akaitwa Amito, naye akashuka ngazi akiwa ameshaandaa majibu, maana alidhani ameshtakiwa.

"Ni kweli kitabu cha mume wangu hakina mtu wa kukisimamia?" Emérence akauliza.

"Ni kweli, Mama. Tunakiheshimu, lakini ni kinene."

"Nitakisimamia mimi."

Amito akamtazama kama anayetazama mchezaji mpya wa timu pinzani. "Mama, nawe umekisoma?"

"Nimekilalia miaka mitatu. Kuna aliyekaribiana nacho kunishinda? Na kikichaguliwa kitatoka chini ya kitanda changu. Nina masanduku ya vitenge hayana pa kukaa."

Amito hakucheka. Alimpa mkono, kama wagombea wanavyopeana.

Kura hazikupigwa kwa siri. Mwalimu alitaka karatasi na sanduku, lakini wanafunzi walikataa, wakasema karatasi ndizo zinazoibwa, heri wapange mstari kama kwenye uchaguzi wa mtaa, kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka, hata mama yake amwone. Fadhul aliletwa uani na spika zake ili matokeo yatangazwe. Upande mmoja alisimama Onen na kuku. Upande wa pili alisimama kijana wa jarida la mpira, peke yake na binamu yake. Katikati alisimama Emérence, amekumbatia Moyo Uliovuka Ruzizi kifuani, hatabasamu, hampungii mtu mkono.

Mwanzoni mstari wa kuku uliongoza. Kisha msichana mmoja akatoka kule, akaja nyuma ya Emérence, akasema anataka kumjua huyo mwanamke anayelia. Akafuata wa pili, na wa tatu. Kila aliyehama alizomewa na kushangiliwa. Mwisho mstari wa Emérence ulifika getini, ukapinda, na Amito mwenyewe, wakala wa kuku, akaonekana mkiani mwake akijitetea kwamba kiongozi hufuata watu wake.

Mwalimu Hippolyte alisimama kwenye ngazi akiwa amejishika tai. Fadhul alimtazama kupitia kioo. Mtu yule alikuwa amepata alichokitaka, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga kabla hajamaliza kunawa mikono.

Aliyeomba mvua asilalamikie matope. Vitabu vilitoka chini ya kitanda, vikakung'utwa, vikapanda ghorofani. Lakini wanafunzi walikuwa wameshaonja uhuru. Walisema kama wamechagua kitabu, kwa nini wasichague na sura? Wakapiga kura sura kwa sura. Sura ya mbuzi wa mahari aliyekula cheti cha ndoa ilipita bila kupingwa, ikasomwa mara mbili. Sura ya mama mkwe ilipita. Sura ya kuvuka mto, ile ambayo Mwalimu aliiandika kwa miaka na kuibusu kabla ya kuituma kwa mpiga chapa, ile ambayo mwanamke analia kurasa sitini, iliangushwa na darasa zima.

Tena walidai wakala aendelee kuja. Kila Alhamisi Emérence aliweka mzigo wake nyuma ya mlango, akakaa kiti cha mwisho. Madirisha ya darasa yalikuwa wazi, na Fadhul chini alisikia yote. Siku waliyoiangusha sura ya mto, Mwalimu aliitetea kwa maneno marefu, akasema bila machozi yale kitabu hakina uti wa mgongo. Ndipo Emérence akaomba nafasi.

"Papa Elie, huyu mwanamke wako analia kurasa sitini. Mimi ule mto niliuvuka. Nilikuwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Ningelia saa ngapi?"

Mwalimu akakifunga kitabu.

"Mama Elie, hiyo ni fasihi," Mwalimu akasema taratibu.

"Basi siku ile ingekuja inipokee sufuria."

Kicheko kilichofuata kilishuka ngazi mpaka barabarani. Tangu hapo Mwalimu hakupumzika. Amito alimfuata mpaka kwenye chai akimshauri amuue mama mkwe mapema. Vijana wa bodaboda, ambao hawakuwa wamesoma hata jalada, walimuuliza kama yule mwanamke ameshanyamaza. Padri naye, baada ya kusikia kwamba kitabu kimesomwa na wengine, alikisoma, akaleta masahihisho. Mwalimu alikuwa akishuka na kukaa juu ya spika mbovu bila kusema kitu, akipumua tu. Fadhul alimpa kikombe cha chai na kunyamaza pamoja naye.

Ila Fadhul alikuwa na siri. Mwalimu alikuwa amempa nakala, kwa shukrani ya kampeni, na alimpa bila kumwambia asome, kama mtu anavyompa asiyevuta sigara kiberiti. Fadhul aliishia darasa la saba. Alisoma polepole, kidole juu ya mstari, ndani ya pikapu, wakati harusi za Bugolobi na Luzira zikichezwa nje kwa spika zake. Hakuchaguliwa sura na mtu, akasoma zote kwa zamu. Ya mbuzi haikumchekesha sana. Lakini ile ya mto aliisoma, akairudia, na mara ya pili bwana harusi mmoja alikuja kuomba wimbo ubadilishwe akamkuta analia kama aliyefiwa.

Fadhul alikuwa mtoto mdogo mwaka ule serikali ya kijeshi ilipoanguka na Wanubi, waliohesabiwa kuwa watu wake, wakakimbia nchi. Mama yake Zubaida alivuka mpaka akiwa amemshika mkono, na godoro kichwani. Hakulia. Wala baadaye hakulia, wala hakulizungumza, wala nyumbani kwao hakuna aliyepata kuuliza. Sasa alikuwa amekwisha kufa, na hapa palikuwa na kurasa sitini za mtu anayelia kwa niaba yake, bila kukatizwa.

Alitaka kumwambia Mwalimu. Kila siku alijiandaa. Akiwa peke yake ndani ya pikapu aliyasema maneno vizuri kabisa: Mwalimu, ile sura ya mto, usiiguse. Lakini Mwalimu akishuka na kukaa, amejikunja kama mtu aliyetoka kupigwa mawe na kitabu chake mwenyewe, Fadhul aliona hii si saa ya kumwongezea jingine. Akasema atamwambia kesho.

Kesho hizo zikaisha. Maombi ya ukimbizi yaliyosubiriwa miaka mingi yalijibiwa ghafla, na familia ikatakiwa kwenda Kanada. Siku ya safari gari la kwenda Entebbe lilisimama mbele ya jengo la Wahindi ili Mwalimu aage. Wanafunzi walijaa. Amito alimkabidhi kijitabu cha kuku akasome kwenye ndege, akasema huko kwenye baridi atakihitaji kuliko tai. Emérence, kiti cha mbele, alikuwa akihesabu mizigo kwa sauti na kumwambia mumewe ndege haiwasubiri wasemaji.

Fadhul alisogea mpaka dirishani. Safari hii alikuwa ameazimia. Alishika ukingo wa mlango, akafungua mdomo, na maneno yote aliyoyafanyia mazoezi yalikuwa pale, yamepanga mstari. Dereva akawasha gari. Mwalimu Hippolyte akatoa mkono nje, akaufunika mkono wa Fadhul, macho yamelowa. Alichosema ndilo neno la mwisho ambalo Fadhul alilisikia kutoka kwake:

"Ndugu Fadhul, Kampala nzima imenisumbua na kile kitabu. Wewe peke yako hukunisemesha hata neno moja. Mungu akuweke hivyohivyo."